Telegramu ya Kitanda cha Sita

Jumanne, 9 Machi 1971

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Bwana Musembi, karani mkuu.

Leo nimemwandika mtu aliye hai katika kitabu cha vifo.

Kila asubuhi napita wodini kuchukua majina: waliolazwa, waliotoka, waliokufa. Kitanda cha sita yuko Jabir, muuza duka wa Biashara Street, aliyepigwa na umeme jana. Amefumba macho. Nikamgusa mguu — baridi kama chupa ya soda! Sista hakuwepo. Ningengoja, ningeuliza. Lakini juzi Musembi alinicheka mbele ya wote: Shem, wewe hata njia ya choo utauliza? Basi sikuuliza. Nikaandika. Nikapeleka telegramu kwa mama yake, Mombasa.

Saa nane Sista Nzula akapita dirishani kwangu na ndoo ya barafu. Ya nani? nikauliza. Ya kitanda cha sita, akasema. Moyo ulisimama, wakauamsha, ila mwenyewe hajazinduka. Daktari anampoza makusudi, ubongo upumzike.

Anapumua!

Nimekaa na fomu ya telegramu ya kusahihisha mkononi mpaka posta ikafungwa. Woga tu. Sasa niko chumbani, na hapa hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 10 Machi

Mama amefika na treni ya asubuhi. Anaitwa Mama Mabruka. Kwapani ana kifurushi — sanda na kafuri. Sista akamwambia, mama, mwanao yu hai. Akaketi sakafuni pale pale.

Kisha akamshika mwanawe. "Mbona baridi hivi? Mwanidanganya!" Akavua buibui lake amfunike.

"Mama, usimfunike!" Sista akamzuia. "Hiyo baridi ndiyo dawa."

Akatii. Kutwa nzima amemshika vidole, mpaka vyake vikafa ganzi. Nilitazama kutoka mlangoni. Sikuingia.

Alhamisi, 11 Machi

Barafu imeondolewa. Wanamwacha apate joto polepole. Daktari anasema leo au kesho tutajua kama ataamka.

Saa nne Mama Mabruka akaja dirishani kwangu. Mwanangu, niandikie telegramu ya nyumbani. Kaburi wameshachimba, wangoja neno langu.

"Niandike nini, mama?"

Nyuma yake foleni ikaguna.

Nikasema — sijui nilipata wapi sauti — ile ya kwanza niliandika mimi.

Akasogea karibu na dirisha. "Basi na hii utaandika wewe. Lakini ngoja nikuite."

Mchana Musembi akauona mstari niliofuta katika kitabu cha vifo. Hakucheka. Nenda nyumbani, akasema, ukae mpaka uitwe. Nilimwachia Sista Nzula karatasi. Naweka nakala hapa, kama ninavyoweka nakala ya kila barua:

"Sista, akifumbua macho, au asipofumbua, piga simu duka la nyama la Odhiambo, Dagoretti Corner. Uliza Shem, karani. Wakisema hawanijui, sema yule anayenunua robo kilo. Waje nyuma ya duka, wagonge dirisha la tatu, si mlango. Mwenye nyumba hapendi. Saa yoyote. Fomu ya telegramu ya Mama ninayo. Nimejaza jina na anwani tu."