Ndoo ya Gogo Tapsubei

Alhamisi, jioni.

Mvua ya mawe imepiga Boito tangu saa nane, na sasa kumetulia kabisa. Chai ya upande wa chini imechanika majani. Mimi nimekaa jikoni, miguu ndani ya karai la maji moto, na sina raha hata kidogo. Wacha niandike, pengine moyo utapoa.

Mnaonisoma hapa mnajua nilifanya kazi stoo ya kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na miwili, mpaka mashine zikaja na sisi tukaambiwa asante. Mwaka mzima baada ya hapo nilikuwa mtu wa kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Halafu kanisa likafungua stoo ya chakula cha wazee wasio na mtu wa kuwaangalia, wakaniuliza kama naweza kuipanga. Eti kama naweza! Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba njia nzima kama msichana.

Tangu hapo, kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi najua mimi ni nani. Unga, maharagwe, mafuta kidogo, sukari. Wazee hufika kabla yangu. Wengine ni Wakipsigis wa hapa, wengine ni Wakisii kama mimi, waliokuja kuchuma chai wakiwa vijana wakazeekea humu humu. Wananiita Mama Moraa, na nikikohoa tu foleni inanyooka. Napenda hivyo, sitadanganya.

Shida ilianzia kwenye ndoo. Mifuko ya karatasi ilikuwa ikilowa njiani na panya wakiitoboa, kwa hivyo tukanunua ndoo ndogo zenye vifuniko. Nikatangaza kwamba kila mtu arudishe ndoo yake mwezi ujao ndiyo ajaziwe tena. Bila ndoo, hakuna chakula.

Zikarudi, na karibu zote zilikuwa na kitu ndani, maana huku hakuna anayerudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Mayai matatu. Parachichi. Kipande cha muwa. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Nikavipanga vyote mezani mbele ya watu, nikataja jina la kila aliyeleta, na kila jina likapigiwa makofi.

Nilidhani nawapa moyo.

Mwezi uliofuata Gogo Tapsubei hakuja. Gogo ni nyanya, ndivyo tunavyowaita wakongwe wetu huku. Mwezi wa pili hakuja pia, na leo ulikuwa wa tatu. Nilikuwa nimejiambia kwamba kijana wake wa Nakuru amekuja kumchukua, nikaacha kumfikiria. Lakini leo jirani yake akaniambia yuko kwake, moshi wake anauona kila siku. Tulipomaliza kugawa nikachukua ndoo moja iliyojaa nikashuka kwa miguu, na mvua ikanikuta nikiingia mlangoni.

Nilimkuta kwenye kigoda karibu na jiko, anakula mboga ya managu ya kuchemsha. Managu peke yake, bila ugali, bila chochote. Ndoo yetu ilikuwa juu ya rafu, imesuguliwa ikang'aa, imefunikwa kwa kitambaa cheupe.

Nilianza kwa kufoka, ndiyo tabia yangu. Gogo, miezi mitatu, kwani tumekukosea nini? Alimaliza kutafuna kwanza.

"Kuku yangu ilikufa, Mama Moraa. Sasa nikuje na ndoo tupu mbele ya watu? Kwani mimi sikufunzwa?"

Nilikosa pa kuuweka uso. Mama yangu kule Nyamira hakuwahi kurudisha bakuli ya jirani bila kitu ndani, hata kama ni viazi viwili. Mimi nimelelewa hivyo hivyo. Desturi hiyo naijua vizuri, na ndiyo niliyoigeuza kuwa kiingilio.

Nikamsukumia ndoo niliyobeba. Akairudisha pole pole kwa mkono. Halafu akasimama na fimbo yake, mawe yakipiga mabati mpaka hatusikizani, akachukua managu mabichi yaliyobaki kwenye ungo, akayatia yote kwenye ile ndoo ya zamani. Akafunika. Akanipa kwa mikono miwili.

"Sasa leta hiyo ingine."

Kilikuwa chakula chake cha usiku. Nikakipokea na kusema asante, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumwachia unga. Heri angenizaba kofi.

Nimeyapika hayo managu na nimeyala yote. Sikuweza kumgawia mtu.

Najiuliza ni nini hasa nilichopenda katika kazi hii. Kuwalisha wazee, au kuonekana mtu wa maana tena? Yote mawili, lakini hilo la pili lilikuwa tamu zaidi na nimeona haya kuliandika. Mwaka ule niliokaa nyumbani sikukanyaga chama cha kina mama hata mara moja. Si kwamba walinifukuza. Sikuwa na kitu cha kubeba mkononi, basi. Mtu aliyepitia hayo angepaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Meza ile haitawekwa tena, na majina hayatasomwa. Ndoo ikirudi na kitu nitapokea, isiporudi nitatafuta nyingine, na asiyekuja nitaenda kumwona kabla sijaamua kichwani mwangu kwamba amechukuliwa na watoto wake. Hilo naahidi.

Nimefungua daftari sasa hivi. Kuna wazee wengine saba ambao hawajaonekana tangu siku ile ya makofi. Kesho asubuhi naanza na anayekaa mbali zaidi.

Na leo hii, kabla ya kuanza kugawa, nilimwambia mchungaji kwamba foleni imepungua. Tukashikana mikono tukamshukuru Mungu.