Fimbo ya Baba Mkwe

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Hapa Kerende hatujambo. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na yule ng'ombe mwekundu kazaa.

Unauliza kama ni aibu kuogopa ile njia ya ukingoni mwa korongo mtakayotembea na wenzako wa chuo.

Miaka ile watu walipokimbilia dhahabu, nilikuwa nimeolewa karibuni. Siku moja nilitumwa kuwapelekea wachimbaji uji chini korongoni. Njia ilikuwa nyembamba, imepita ubavuni mwa mwamba, nami nikakwama katikati, miguu imekataa. Mara nikamwona baba mkwe wangu anapanda. Kwetu Wakurya, mzee hamgusi mke wa mwanawe, na pale hapakuwa na nafasi ya kupishana.

Mzee akanipa mgongo, akanyoosha fimbo yake nyuma.

"Shika ncha, mama," akasema. "Tushuke wote."

Akarudi alikotoka kwa ajili yangu, bila kugeuka hata mara moja.

Fimbo ilitetemeka njia nzima. Nilidhani ni mikono yangu. Tulipofika chini nikaiachia, nikaitazama.

Ilikuwa bado inatetemeka mkononi mwa mzee.

Bibi yako anayekukumbuka