Kompresa ya Watu Wanaobaki

Baba,

Nimenunua ya petroli. Nakuambia mwanzoni kabisa, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka, na najua ungeuliza hilo kabla hata ya kuuliza mama anaendeleaje. Mama yuko salama. Anakula kidogo.

Tangu tukuzike, karakana yako hapa nyuma ya nyumba ilikaa imefungwa. Masanduku ya bati yalibaki vile vile ulivyoyapanga, yakisubiri rangi. Kila nikishika bomba lako la mkono, lile la kupulizia dawa ya tumbaku uliloligeuza la rangi, nasikia kikohozi chako. Nalichukia bomba lile. Ulisukuma na kusukuma, rangi usoni, mpaka kifua kikaisha.

Na kompresa ya kupulizia rangi ungeipata mapema, baba! Fundi wa Mponela alikuletea ya petroli hadi mlangoni, akitaka mbadilishane kwa masanduku. Ukamrudisha nayo. "Mashini ya essence ni ya bantu benye kubakia," ulisema. "Siye tuko mu njia tu." Ulitaka ya umeme, kama ile uliyoiacha nyumbani Uvira, wakati hapa ukimbizini Dzaleka umeme unaishia kwenye ofisi za kambi. Nilikukasirikia siku ile. Bado nimekukasirikia, nisamehe.

Wiki iliyopita nilikwenda Lilongwe, kwa muuza mashine zilizotumika kule Mchesi. Alikuwa na mbili. Ya umeme iling'aa, ina sauti ya upole, na niliwaza jinsi ambavyo ungeizunguka ukitabasamu kama bwana harusi. Ya petroli ilikuwa imejaa kutu, na mkanda wake umechakaa. Nikafanya ulivyonifundisha. Nilipiga magoti na kitenge changu mbele ya watu, nikafungua koki chini ya tangi. "Rangi inachukiaka maji," ulizoea kusema. Ya petroli ilitema maji mekundu kidogo, kisha upepo mkavu. Tukaijaza upepo, tukaizima, nikaagiza nsima, ugali wa huku, nikala pale pale, macho kwenye mshale wa geji. Nilimaliza sahani, nikanawa, mshale haujashuka.

Ya umeme nayo ilikuwa nzima. Ndiyo maana iliniuma. Ningeinunua, ningeifunika blanketi, nayo ingekaa pembeni ikitusubirisha, kama ulivyosubiri wewe.

Muuzaji alicheka, akanishukuru kwa Kichewa, "Zikomo, mayi," akauliza nimefundishwa na nani. Nililia mbele ya yule mtu, mikono imejaa grisi.

Nilirudi nayo nyuma ya matola, pikapu ya abiria, nimeikumbatia ili isianguke. Nilipoiwasha nyumbani, mama alisikia ule mngurumo akaketi chini. Alielewa kuwa ni ya petroli.

Unajua, siku ya mazishi nilitaka kukuwekea msalaba wa chuma, mama akakataa. "Tia muti tu," alisema. "Siku ya kurudi tutamubeba." Basi tuliweka msalaba wa mti. Mchwa wameshaula hadi katikati, na jina lako halisomeki tena.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kompresa haikuwa sanduku. Nilikata vyuma viwili, nikampelekea mchomeleaji akaviunga kuwa msalaba, nikavipiga msasa. Nilipokuwa nachanganya ile bluu yako ya masanduku, mama alitoka ndani. Alichukua karatasi niliyotoboa herufi za jina lako, akaishika juu ya chuma kwa mikono miwili, nami nikapuliza. Rangi ilitoka laini, baba, bila hata povu moja. Vidole vyake bado vina bluu, na hataki kuvisafisha kwa mafuta ya taa.

Jana nilipiga mkono wa pili wa rangi. Wa tatu ni Jumamosi, maana hukuruhusu kitu kitoke kwako kabla ya mikono mitatu. Ukikauka tutakuletea.

Pumzika sasa. Koki nitaifungua kila jioni nitoe maji, na pua nitaifunga kitambaa, jambo ulilolikataa wewe. Naahidi. Wewe umebaki hapa, basi na sisi tunabaki.

Binti yako,
Riziki