Nguo Zilizofuliwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata mjukuu! Wa kiume, kilo tatu na nusu. Nimeimba nikipiga pasi mashuka ya hoteli mpaka msimamizi akauliza kama nimelewa. Mikono leo mibaya — vidole vimepasuka, sabuni ikiingia nawashwa kama nimeshika pilipili. Sijali. Mume wangu amezaliwa!

Jumatano, 5 Machi
Mwanangu na mtoto wameruhusiwa hospitali. Nilinyoosha mikono nimpokee, mwanangu akasema nipumzike kwanza, nimetoka kazini. Nikapumzika. Mtoto akapokewa na shangazi yake, dada wa baba mtoto. Naye alikuwa ametoka kazini vilevile.

Jumamosi, 8 Machi
Nguo zake zote nimezifua kwa sabuni ya kipande. Nimesuuza maji matatu, nimepiga pasi, nimekunja. Mchana nakuta shangazi kazitumbukiza tena kwenye beseni, na dawa ya kuua vijidudu juu! Nikamuuliza, kwani hazikutakata? Akaitazama mikono yangu. Akasema mtoto mchanga hana kinga, mama, usinielewe vibaya.

Nimemwelewa vizuri sana. Miaka ishirini na mbili dobi, nafulia hoteli nzima, leo nguo zangu zinafuliwa upya. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia mwanangu: pumu ya ngozi haiambukizi. Umelala na mimi kitanda kimoja miaka saba, ulipata nini? Akasema anajua, mama. Lakini watu wa mumewe wana maneno, tuvumilie mtoto akomae kidogo. Hakunitazama usoni.

Haya. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Sijui atazila na meno gani.

Jumapili, 30 Machi
Hakuna jipya. Mafuta, glavu, sabuni, mafuta tena. Wamemwogesha mimi nimekaa kwenye stuli kama mgeni. Amecheka! Au ni gesi.

Ijumaa, 23 Mei
Mwanangu kaingia chumbani kwangu mbio, mtoto kifuani. Mama, hebu mwangalie. Shangazi anasema ni joto tu.

Si joto. Mashavu mekundu, yamekauka. Ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, vivyo hivyo. Anajisugua uso kwa ngumi, maskini, hata kujikuna hajajua. Nilijua kabla hajamaliza kumfunua.

Akaniwekea mtoto mapajani. Bila glavu. Karibu miezi mitatu nimemwona kwa macho tu! Mzito kuliko nilivyodhani. Nimempaka mafuta yangu taratibu, akanyamaza, akashika kidole changu kile kibovu kuliko vyote, akalala. Nimefurahi. Mungu anisamehe, kwa dakika moja nimefurahi kabisa.

Halafu mwanangu akauliza, itapona lini? Nikamfunika mtoto magoti. Akauliza, sasa kaitoa wapi, mama, na wewe hujawahi hata kumshika?

Daktari aliniambia haiambukizi. Aliniambia pia kwamba hupita kwenye damu, na inaweza kumruka mtoto ikaenda kwa mjukuu. Hiyo ya pili sijamwambia mtu.

Nikamtuma maji ya uvuguvugu, nipate pumzi. Naandika kwa mkono mmoja, mtoto yuko mapajani. Bomba limefungwa. Anakuja —