Sabuni ya Uso ya Keji

Jumatatu, 4 Mei

Maji ya tangi yameisha tena. Nimenawa uso kwa kikombe kimoja cha maji ya jerikeni, nikaenda kazini mtaa wa Thongpiny. Uso umekakamaa mpaka mchana. Hotelini hakukuwa na wageni, nikakaa pale mapokezi nikisoma mgongo wa chupa yangu ya kunawia uso. Kila neno nililitafuta kwenye simu. Salfeti ndiyo inayoleta povu, na ndiyo inayonikausha. Manukato ndiyo yanayoniwasha. Glisarini hushika maji kwenye ngozi, lakini kwenye yangu imeandikwa karibu na mwisho. Maana yake wametia kidogo tu. Miaka yote hii najipaka kitu nisichokijua.

Mdogo wangu Keji bado amelala. Anakaa nami hapa Gudele mpaka ajifungue. Mimba ina miezi saba. Mumewe, Lado, yuko barabarani na lori la mizigo la Nimule, kule mpakani.

Jumatano, 6 Mei

Miguu ya Keji imevimba. Viatu haviingii. Majirani wanasema ni mimba tu. Sijapenda.

Lakini uso unang'aa. Yale madoa meusi ya mimba, yaliyomfanya aache kwaya, yamekaribia kwisha mashavuni. Leo nimemkuta mbele ya kioo, anacheka peke yake. Nilifurahi kumwona hivyo.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeiona siri ya uso wa Keji. Chupa nyeupe, nyuma ya mafuta yake ya nywele. Sabuni ya maji ya kunawia uso. Picha ya mwanamke mweupe kama karatasi. Maandishi ya kigeni, na chini mstari mmoja wa Kiingereza, herufi ndogo mno. Nikaupiga picha nikaukuza. Maji, sabuni, manukato, halafu jina ambalo kwenye chupa yangu halimo. Nikalitafuta. Zebaki.

Nimesoma, nimerudia. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze weusi. Hupenya ngozi, huingia kwenye damu, huumiza figo. Humfikia mtoto tumboni.

Nikamwonyesha Keji. Akaninyang'anya chupa.

"Aliyeniuzia pale soko la Jebel anaitumia mwenyewe. Wewe dada umeanza kusoma chupa juzi, leo umekuwa daktari?"

Halafu akalia. "Pasaka Lado alikuja, hakunitazama hata mara moja. Hata mara moja, dada."

Nilimpokonya chupa nikaimwaga chooni. Nikamwomba twende hospitali. Amekataa. Hajasema nami tena.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepitia soko la Jebel nikiwa na maneno makali tayari. Muuzaji ni mama mtu mzima, ameishi uhamishoni Uganda, Kiswahili chake cha huko.

"Hii iko safi, dada. Mimi iko natumia miaka mbili. Natoa madoa mbio."

Nikamwambia ina zebaki. Neno hilo halijui.

"Malesh, samahani. Mimi nauza tu. Hiyo maneno ya chupa sijui kusoma."

Macho yake yamevimba kama miguu ya Keji. Vifundo vya vidole vyeusi, uso mwekundu. Maneno makali yakaniishia. Nikamweleza taratibu aache kuitumia, aache kuiuza. Alikuwa anaitikia kwa kichwa huku akifuta vumbi kwenye chupa. Sijui kama amenielewa. Hasira ninayo, sina pa kuiweka.

Jumanne, 12 Mei

Keji ameamka macho hayafunguki kwa uvimbe. Akaniambia mtoto hachezi tangu jana. Safari hii hakukataa hospitali.

Muuguzi alitafuta mapigo ya moyo ya mtoto. Akahamisha kifaa. Akahamisha tena. Kisha akaenda kumwita daktari bila kututazama.

Nilijua hapo.

Alhamisi, 14 Mei

Amezaliwa amekufa. Mvulana. Nywele nyingi. Keji alimshika, akamhesabu vidole, akanipa mimi. Mwepesi. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Daktari amesema figo za Keji zimeumia, na zebaki huumiza figo namna hiyo. Kuhusu mtoto hawezi kuapa. Mimi naweza.

Lado amefika kutoka Nimule, nguo zimejaa vumbi. Nilimwambia habari ya sabuni nje ya wodi, nikingoja apige kelele. Alikaa chini sakafuni.

"Madoa gani?"

Ya usoni, nikamwambia. Yale uliyoyaona Pasaka, ukaacha kumtazama.

"Pasaka nilikuwa nimekesha njiani. Nililala tu, shemeji. Sikuona madoa yoyote."

Nilimchukia kwa kitambo kidogo. Kisha nikamwonea huruma. Kisha nikaingia ndani, maana Keji alikuwa ananiita.

Jumapili, 31 Mei

Keji yuko nyumbani. Uvimbe unashuka. Figo zinapona polepole, anasema daktari. Madoa yamerudi yote, na hajifichi.

Mvua ilinyesha alfajiri, sasa jua. Nilikuwa naanika mashuka. Keji na Lado walikaa kwenye kivuli cha ukuta, bega kwa bega.

"Dada," akaniita. "Maziwa yangu yamekauka."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesema mvua imekatika. Lado akainamisha kichwa. Nikamwambia nimesikia, nikamaliza kuanika.