Kocha Otiende, Mjukuu Wako Amepata Jina

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotuacha asubuhi ile hapa Sirari, redio yako ikiwa bado inaongea kando ya kitanda.

Baba yetu mpendwa, Mwalimu Simon Otiende. Ulifundisha hesabu miaka thelathini, lakini watu wa Tarime wanakukumbuka kwa timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha ualimu. Hadi leo mtu akinikuta sokoni ananishika mkono: "Wewe si binti wa Kocha?" Basi hapo hatuondoki.

Hata nyumbani ulitupanga kama timu. Mama alikuwa senta, maana kila kitu kilipitia kwake. Mimi nilikaa benchi, mpaka siku niliyokuambia naanza masomo ya jioni. Ukapuliza filimbi, majirani wakatoka nje: "Sarah, ingia uwanjani!"

Mjukuu wako hukumwona. Alizaliwa miezi mitano baada ya kukuzika, na alilia usiku na mchana, Baba. Zahanati walisema ni mzima kabisa. Mama akasema anadai jina. Unajua desturi yetu Wajaluo: mtoto akilia hivyo hutajiwa waliotangulia, na likifika la kwake ananyamaza. Mimi nilitamani sana liwe lako. Tukamwita Otiende, akalia. Tukamwita Simon, ndiyo kwanza akaongeza. Nikalia na mimi, nikiona kama umetukataa.

Jumapili moja akaja Mzee Nyangwine, shabiki wako wa tangu chuoni. Hakuwahi kucheza hata dakika moja, lakini hakuna pointi aliyoisahau. Akaanza na fainali ya mwaka themanini na sita, mtoto akipiga kelele mapajani kwangu.

"Tunaongoza kwa pointi moja, shemeji. Zimebaki sekunde kumi! Otiende anawapigia vijana kelele, 'Kaba kushoto! Kaba kushoto!'"

"Ilikuwa kulia," Mama akasema.

"Wewe ulikuwa unatazama mpira, au ulikuwa unamtazama kocha?"

Mama akaficha uso kwa khanga.

"Basi, kule upande wa pili Wangwe akasimama…"

Mtoto akanyamaza. Tukaangaliana. Nyangwine akarudia polepole, "Wangwe." Mtoto akapiga mwayo.

Wangwe, Baba! Kocha wa chuo cha upande wa Serengeti, aliyekunyang'anya kombe lile. Jina lake halikutajwa humu ndani, ulisema tu "yule bwana." Lakini alipofariki ulikwenda kumzika kwao Mbalibali, ukarudi, ukakaa siku mbili bila kuwasha redio.

"Leo mume wangu atafufuka," Mama akasema, akicheka hadi machozi.

Nyangwine, Mkurya kama Wangwe, akajipiga kifua. "Mkurya ameingia kwenu bila hata kubisha hodi!"

"Mimi sina neno," akasema Steven, mume wangu. "Mradi tulale."

Mimi sikucheka. Nikamwomba Mzee Nyangwine tujaribu jina lako mara moja tena. Akanitazama, akaacha utani.

"Mwanangu, miaka yote hii sijawahi kusimulia habari za Wangwe bila kumtaja baba yako. Haiwezekani. Jaribu wewe uone."

Nimejaribu, Baba. Kweli haiwezekani. Juzi tu muuza dagaa aliniuliza, "Mtoto wa Kijaluo kuitwa Wangwe, imekuwaje?" Nikaweka mzigo chini, nikaanza: "Palikuwa na kocha mmoja, Simon Otiende…" Yule mama hakunipimia dagaa mpaka filimbi ya mwisho ilipolia.

Unakumbukwa na mke wako Dorka, senta wa nyumba; binti yako Sarah na mkweo Steven Ouma; rafiki yako Mzee Nyangwine pamoja na mashabiki wote wa Tarime na, tunaambiwa, hata wa Serengeti; na mjukuu wako, Wangwe Ouma.

Kila tunapomwita yeye, tunakukumbuka wewe. Daima.