Maji Yanavuja

Mjukuu wangu Njeri,

Nakusalimu huko ugenini. Mama yako hajambo. Nyanya yako bado anakohoa.

Umeniuliza kama mpango wa kampuni ya maji wa kuwatengenezea wazee mabomba bure unamfaa mtu yeyote. Unafaa. Tangi la Mama Achieng, jirani yetu wa chini hapa Kileleshwa, lilikuwa likikauka kabla ya siku ya mgao wa maji. Tangu walipoliziba bomba lake, anafua na maji yanabaki.

Kwetu alikuja binti wa kampuni, akaniita Guka kama uniitavyo wewe mjukuu wangu, akaweka sikio ukutani.

"Guka, maji yenu inavuja huku ndani."

"Yanavuja," nikamkaripia. "Rudi ukishajua kusema."

"Haya, Guka, yanavuja," akacheka. "Nizibe, ama niyaache yavuje kwa Kiswahili sanifu?"

Nikamfukuza.

Sasa nafasi za mpango ule zimejaa, na pensheni yangu haitoshi kumlipa fundi wa kubomoa ukuta. Magoti yangu hayapandi ngazi na mzigo, kwa hiyo tangi letu likikauka, nyanya yako ndiye hupandisha ndoo anayopewa na Mama Achieng, akikohoa njia nzima. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Kila asubuhi naweka sikio pale alipoweka lake yule binti. Maji yanavuja, Njeri. Nalitamka neno hilo sawasawa, na bado yanavuja.

Babu yako